Kaka Yangu Alikuwa Anaswali, Ndege Wanamaliza Mpunga

Niliwaona nikiwa bado barabarani.

Wadau, kama hujawahi kuona kwelea kwelea wanashuka kwenye mpunga ulioiva, fikiria moshi. Moshi mweusi wenye akili. Unapanda, unakata kona, unazunguka, afu unamwagika chini kwa pamoja... Ukija kunyanyuka, pale ulipomwagika pamebaki makapi.

Huo moshi ulikuwa umemwagika kwenye shamba letu.

Pikipiki niliitupa pembeni ya mfereji, hata stendi sikuweka. Nikakimbia juu ya kingo za majaruba, nateleza, naamka, napiga kelele mpaka kifua kinawaka.

"Idrisa... Idrisaaa..."

Siku ile zamu ya kuamia ilikuwa ya kaka yangu Idrisa. Kuamia, kwa nyie wa mjini, ni kukaa shambani toka jua linachomoza mpaka linazama unafukuza ndege. Kwa manati, kwa debe, kwa kiboko, kwa mdomo, kwa chochote ulichonacho. Ukizubaa umeliwa.

Mimi nilikuwa nimetoka kidogo tu kwenda madukani Ubaruku kutafuta mpira wa manati. Nilimwacha pale mzima, ana macho, ana miguu.

Nikamwona.

Yuko juu ya tuta, amesimama kwenye mswala. Uso kibla, mgongo shambani. Anaswali alasiri. Katulia ndani ya kanzu yake nyeupe kama mtu aliye msikitini chini ya feni.

Nyuma ya mgongo wake ndege wanakula, na makelele yao utadhani mafuta yanachemka kwenye sufuria la harusi.

"Idrisa, ndege."

Akarukuu.

"We Idrisa, mpunga unaisha huku."

Akasujudu. Na hiyo sijda yenyewe ilikuwa ndefu... Mpaka nafika nyuma yake kabisa, bado yuko chini.

Nikamkamata ukosi wa kanzu nikamvuta. Kaka yangu wa tumbo moja, akiwa kwenye sijda. Akaanguka chali kwenye matope.

Ndege wakanyanyuka wote kwa mpigo, jua likapotea.

Idrisa akaangalia juu. Akaangalia shamba. Ile kona ya karibu na mfereji yalikuwa yamebaki mabua yamesimama, hayana kitu. Rangi ikamtoka usoni. Afu akanigeukia, akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijayasahau.

"Muhi, mbona hukuniita?"

Mbona. Hukuniita.

Nilimpiga kofi, kofia yake ikaruka.

Sasa kabla hamjanihukumu, ngoja niwaelezee.

Mimi naitwa Muhidini. Shule niliishia njiani, na sijutii sana, maana sijawahi kuweza kukaa sehemu moja. Hata kula nakula nimesimama. Idrisa ndiye mkubwa wangu. Alienda Iringa akiwa kijana mdogo, kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa ya baba mdogo Abdul, pale Ipogolo. Amekaa huko miaka mpaka ndevu zikaota.

Baba alipofariki akarudi nyumbani kutusaidia shamba.

Ila aliyerudi alikuwa mtu mwingine.

Alirudi mpole. Anatabasamu tu. Kanzu muda wote, tasbihi mkononi. Na kila ukimwambia kitu, jibu lake ni jina la Mungu.

"Idrisa, mfereji umeufunga?"

"Inshallah."

Unaenda kuangalia, mfereji uko wazi.

"Bro, mbolea umeagiza au bado?"

"Mungu mkubwa."

Mtaani wakampa jina, Shehe. Wazee wanamsimamisha njiani wanamtania, "Shehe, unaoa lini?" naye anaweka mkono kifuani, "Alhamdulillah." Watu wanacheka, wanasema huyu kijana hana makuu, siyo kama yule mdogo wake mwenye miguu ya mbuzi.

Mwenye miguu ya mbuzi ni mimi.

Simu hapokei. Ukipiga anakata, anakutumia meseji, "Andika tu ndugu yangu." Nikimuuliza anasema simu za sauti zinamwondolea utulivu. Nikawa najisemea, huyu jamaa kapata dini au kapata kisingizio?

Maana wadau, kilichokuwa mezani kilikuwa siyo mchezo.

Baba alipokufa, baba mdogo Abdul ndiyo aliwekwa msimamizi wa mirathi. Msimu uliopita maji yalizidi, mpunga ukalala, hatukuvuna cha maana. Baba mdogo akaja kutoka Iringa, akakaa sebuleni kwetu, akasema mbele ya mama:

"Shemeji, msimu ujao vijana wakifeli tena, shamba nauza. Wewe utakuja Iringa, kuna chumba kule uani."

Mama yangu ana shamba lake, ana nyumba yake, ana kaburi la mume wake hatua chache kutoka jikoni. Leo aende kukaa chumba cha uani kwa shemeji yake, aombe hadi chumvi?

Mimi nikaapa. Msimu huu ndege, mafuriko, panya, shetani, yeyote ajaye atanikuta.

Na kilichotuangusha kikawa mswala.

Jioni ile nyumbani hakukukalika. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, anamtazama Idrisa kama anamtafuta ndani yake.

"Mwanangu, hata kwenye swala, mali ikiwa inaharibika unaikata swala. Unaokoa, afu unarudi unaanza upya. Marehemu baba yako alikufundisha hilo ukiwa hujaota meno ya ukubwani."

Idrisa alikuwa anaangalia midomo yake.

"Mungu atalipa, mama," akasema.

Mama hakuitikia. Siku zote huwa anasema amin. Siku ile alinyanyuka akaenda kuangalia mboga jikoni.

Mimi sikunyanyuka.

"Sikiliza we Shehe. Kuanzia kesho shambani usikanyage. Kaa hapa na tasbihi yako, mpunga niachie mimi. Mungu hajawahi kumshikia mtu manati."

Alinitazama sana. Nikaona machozi yanamlengalenga.

"Sawa, Muhi."

Hakubisha. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nilitaka abishe nimpige tena.

Nikaingia shambani peke yangu.

Jamani... shamba letu ni refu. Nikiwafukuza ndege huku mwanzo, wanatua kule mwisho. Nakimbia kule mwisho, wananiangalia nakuja, wananyanyuka kwa dharau, wanarudi mwanzo. Nilivuta tepu za kaseti za zamani kila upande ziwe zinalia na upepo. Nikafunga madebe. Nikatengeneza sanamu, nikaivalisha jezi yangu. Ndege wakatua juu ya jezi.

Sauti ikanikauka. Nikawa nafukuza ndege kwa kubweka.

Jirani yetu kwenye majaruba ni Shigela. Ni Msukuma, familia yao ilihamia huku Usangu na ng'ombe zamani, saivi analima kuliko hata wenyeji. Anaamia na mke wake Nyamizi. Mwanamke ana kiboko cha ng'ombe, akikipasua hewani unasikia mpaka barabarani.

Shigela akanifuata, kashika kiuno.

"Bhabha, unafanya nini?"

"Si unaona? Nafukuza ndege."

"Wewe hufukuzi. Wewe unawatoa kwako unawaleta kwangu. Mimi nawatoa kwangu nawarudisha kwako. Tunawapeleka mezani kwa zamu."

Nyamizi akacheka kule aliko.

"Tusimame mstari mmoja," Shigela akasema. "Mimi na mke wangu huku, nyie ndugu wawili kule. Wasipate pa kutua, watachoka, wataenda zao mtoni."

"Mimi sina ndugu."

"Una ndugu, nimemwona jana amekaa nyumbani kwenu kama mgonjwa."

"Ndugu yangu yuko na Mungu wake. Mimi niko na mpunga."

Shigela akatikisa kichwa.

"Bhabha, hasira yako nayo inakula mpunga."

Nikamwambia aniache. Sikutaka mtu. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba ukitaka kitu kiende fanya mwenyewe, usimwamini binadamu, na huko juu nako usisumbue. Mwili unatetemeka, macho mekundu, kila nikifumba nasikia mabawa.

Basi ikafika siku ya kombaini.

Ilikuja mashine ya kuvuna kwenye shamba la mzee Bartholomeo, pembeni yetu. Lile likombaini likubwa, likinguruma hata ndege wanahama. Nikapata nafasi ya kukaa juu ya dungu langu, kile kichanja cha miti cha kuangalizia shamba. Nikashusha pumzi.

Nikamwona Idrisa anakuja kwa mbali na hotpoti. Mama alikuwa amemtuma aniletee chakula. Akakata njia kupitia shamba la mzee Bartholomeo, kwenye njia ya mashine.

Kombaini ikaanza kurudi nyuma.

Inapiga king'ora chake, pii, pii, pii. Inarudi moja kwa moja kwake.

Idrisa anatembea tu. Kaipa mgongo. Ameshika hotpoti kwa mikono miwili, anaangalia chini asikanyage vibaya.

"Shehe, toka!" Nyamizi akapiga kelele.

Shigela naye akapaza. Mpaka kiboko kikapasuliwa.

Idrisa hata shingo hakugeuza.

Mimi sijui niliruka vipi kutoka juu ya dungu. Ninachokumbuka ni bega langu limeingia mbavuni kwake, tumeviringika, na lile chuma limepita pale alipokuwa, mabua yanasagika.

Opereta akaona vumbi, akazima mashine. Pakatulia.

"We una wazimu?" Nilikuwa namtikisa. "Unataka kufa? Unataka mama azike mtu mwingine?"

Idrisa alikuwa anaitazama kombaini na mdomo wazi.

"Sikuiona, Muhi."

"Ile haihitaji kuonwa, ile inasi..."

Sikumalizia.

Nikabaki na neno mdomoni. Yeye akanyanyuka, akajikung'uta, akaanza kuokota wali na dagaa waliomwagika, amenipa mgongo.

Mimi nimesimama nyuma yake. Karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Nikamwita. "Idrisa."

Anaokota dagaa.

Nikasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu na mtu, na Mungu anisamehe kwa nilichokisema:

"Idrisa, mama amekufa."

Nyamizi alikuwa amefika, aliposikia akaweka mkono mdomoni.

Idrisa akaokota mfuniko wa hotpoti. Akaupuliza vumbi. Akaufunika vizuri, akauhakikisha.

Wadau... mimi ambaye sijui kukaa, nilikaa chini kwenye mabua kama mzigo.

Nikanyanyuka, nikazunguka mbele yake.

"Husikii?"

Akaniangalia midomo. Ya kwake ikaanza kucheza.

"Idrisa, husikii?"

"Kushoto hamna kitu kabisa," akasema. "Kulia nasikia kidogo, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa."

"Toka lini?"

"Toka Iringa."

"Na hujasema?"

"Niseme nini, Muhi? Baba kafa. Mama ananiangalia mimi. Niseme mkubwa wa nyumba ni kiziwi?" Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, yeye anadhani ananong'ona. "Nikaona nimwachie Mungu. Nimesomewa. Nimewekewa mafuta. Ustadhi mmoja akaniambia nikisubiri kwa imani yatafunguka."

"Na hospitali je?"

"Nikienda hospitali si itakuwa kama simwamini?"

Shigela akaguna.

"Kwa hiyo yale majibu yako yote," nikamwambia taratibu, aweze kunisoma. "Inshallah, Mungu mkubwa..."

"Yanaingia kwenye kila swali," akasema. Akacheka kidogo, kicheko cha kulia. "Hakuna mtu aliwahi kuniuliza mara ya pili."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Na siku ile ya ndege?"

"Nililiangalia shamba kabla sijaanza kuswali. Lilikuwa safi, naapa. Nikasema nikitoa salamu tu naangalia tena. Ila kwenye sijda nikarefusha. Nilikuwa naombea masikio."

Anaombea masikio, na nyuma yake kuna kelele ya ndege mji mzima.

Na mimi nikampiga kofi. Sikio la kulia. Lile lile lililobaki.

Sikuweza kuomba msamaha kwa maneno. Nilimkumbatia tu pale, yeye na hotpoti yake.

Shigela akatusogelea.

"Mimi nina ng'ombe mmoja yuko hivyo. Hasikii hata umpigie ngoma."

"Unamfanyaje?"

"Tunamweka katikati ya kundi. Hapo anaona wenzake wote. Na nikwambie bhabha, simba akija, yeye ndiye wa kwanza kumwona. Macho yake yamechukua kazi ya masikio."

Kaka yangu kafananishwa na ng'ombe, na mimi hapo ndipo nikapata akili.

Kesho yake tulimpandisha Idrisa kwenye dungu, katikati, kati ya shamba letu na la Shigela. Tukampa kitambaa chekundu cha Nyamizi. Kazi yake kutazama tu. Na jamani, yule mtu anaona. Moshi ukiwa bado kule milimani, sisi hata hatujashtuka, yeye kashanyoosha kitambaa upande wanaotokea. Sisi tunakimbilia huko. Kiboko kinapasuka, madebe yanalia, wakikata kona kitambaa nacho kinakata kona.

Hawakupata pa kutua. Walizunguka, wakazunguka, wakaenda zao.

Muda wa swala ukifika, Nyamizi anapanda juu, Idrisa anashuka anaswali bila presha. Jumapili Shigela na mkewe wanaenda kanisani, sisi tunabaki na mashamba yote mawili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake Mungu wake ni yupi.

Idrisa aliniomba kitu kimoja tu.

"Mama nitamwambia mwenyewe. Nipe nafasi."

Nikaweka mdomo jela, na mnajua mdomo wangu.

Hakuwahi kuipata hiyo nafasi kwa utulivu, maana baba mdogo Abdul alitua.

Alikuja na gari yake, na mgeni ndani. Mgeni anaitwa Yotamu, mfanyabiashara. Hakuhitaji kutambulishwa, jinsi alivyokuwa anaangalia shamba letu nilijua huyu ni mnunuzi.

Baba mdogo alikuwa ameshapata umbea wote. Akaiona ile kona iliyoliwa. Akatukalisha kwenye mkeka, mimi, Idrisa na mama, Yotamu naye pembeni.

"Nimeambiwa kila kitu. Huyu anaswali, ndege wanakula. Shemeji, mimi nilikuonya."

Mama akakaza kanga yake.

"Vijana wa siku hizi mnamsingizia Mungu uvivu wenu," akaendelea. "Mungu hashuki kufukuza ndege. Mungu kakupa akili, kakupa mwili, uvitumie. Mtu hafanyi sehemu yake afu anasema Mungu atajua?"

Na hapa niseme ukweli... maneno yale yalikuwa sahihi. Ukiyaandika ukutani hakuna wa kuyafuta. Mimi mwenyewe ningeyasema hivyo hivyo.

Nikataka kufungua mdomo. Idrisa akaniwekea mkono gotini.

Alikuwa anamtazama baba mdogo midomo muda wote. Hakupoteza hata neno.

"Baba mdogo," akasema, kwa ile sauti yake kubwa. "Unakumbuka nilikuja ofisini kwako kule Ipogolo nikakwambia masikio yanalia hata mashine ikiwa imezimwa?"

Baba mdogo akashika kofia yake.

"Nilikuomba vile vifuniko vya masikio. Kama wanavyovaa vijana wa mashine ya jirani. Nilikuja mara nyingi."

"Idrisa, hayo ni mambo ya zamani, leo tunaongelea shamba."

"Ulinijibu nini?"

Yotamu, yule mnunuzi, akawa anaangalia viatu vyake.

"Ulinijibu, muombe Mungu, utazoea." Idrisa akagusa sikio lake. "Nikamwomba, baba mdogo. Na nimezoea. Sasa hivi ni kama sisikii kabisa. Nikiwa naswali, ndege nyuma yangu sikuwasikia. Mdogo wangu ananiita sikumsikia. Juzi kombaini imetaka kunisaga sikuisikia."

Hapo ndipo mama yangu alijua.

Sijawahi kuona uso wa mtu unazeeka mbele yangu kama siku ile. Alimgeukia mwanawe, akamshika masikio yote mawili kwa viganja vyake, kama anapima yana joto. Akakaa hivyo. Afu akamgeukia shemeji yake, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Abdul. Mwanangu nilikupa akiwa anasikia adhana ya msikiti wa kijiji cha pili."

"Shemeji..."

"Leo unamrudisha hasikii, na lawama juu."

"Shemeji, hii ni mipango ya Mungu. Sisi binadamu..."

"Vifuniko vya masikio vilikuwa mipango yako."

Wadau, baba mdogo akavua kofia.

Mimi nilikuwa nimekodoa macho. Maana siku zote nilidhani nyumbani kwetu aliyejificha nyuma ya Mungu ni Idrisa. Kumbe Idrisa alikuwa amefundishwa. Na mwalimu wake ni huyu huyu aliyekaa hapa anatuhubiria kila mtu afanye sehemu yake.

Yotamu akanyanyuka. Akavaa viatu taratibu.

"Mama, mimi naomba niwapishe," akasema. "Shamba hili sinunui."

Akaenda kusubiri kwenye gari.

Baba mdogo hakugeuka malaika, msije mkadhani. Alibaki amekaa, anazungusha kofia mkononi, mwisho akasema kwa shida, "Nitampeleka hospitali mwenyewe. Na shamba libaki." Mama akamjibu, "Utampeleka, na Muhidini atakuwepo."

Nikawepo.

Tulienda hospitali moja pale Mbeya. Nilimkaba baba mdogo kama kivuli, nikahakikisha ameandikisha, kila kipimo nimesimama pale. Sehemu yangu niliifanya yote, hata wauguzi walinichoka.

Afu daktari akamwita Idrisa ndani, mlango ukafungwa. Ndugu tubaki nje.

Hapo ndipo niliposhikwa. Hakuna wa kumkimbiza. Hakuna kitu cha kurusha, cha kubeba, cha kusukuma. Nilizunguka ile korido kama mbwa aliyefungiwa, mpaka mlinzi akaniambia kijana kaa. Nikakaa. Na mimi ambaye swala nilikuwa naifuata siku ya Iddi tu, nikajikuta nimeinua viganja, pale pale kwenye benchi, mbele za watu.

Sikujua hata niseme nini. Nikasema, "Mimi kwangu nimemaliza. Huku ndani ni kwako."

Mara ya kwanza mwaka ule mwili wangu ukatulia.

Majibu? La kushoto limekwenda, halirudi. La kulia lilikuwa na ugonjwa wa ndani juu ya ule uharibifu wa mashine. Ugonjwa ulitibika, na kifaa cha kusikilizia kinamsaidia. Daktari alisema angekuja wakati yanaanza kulia, tungeongea mengine.

Mpunga tulivuna. Siyo wote, ile kona ndege walishakula, lakini ulitosha, na mama bado yuko kwenye nyumba yake. Idrisa bado anaswali swala zote, na kliniki yake hakosi. Ipogolo nilipita mwezi uliopita bila kumwambia mtu, nikachungulia mashineni. Vijana walikuwa wamevaa vifuniko. Mmoja alikuwa amevivua, amevining'iniza shingoni. Nikaingia nikamvalisha kwa mkono wangu, akanitukana, nikaondoka.

Ndugu msomaji, nakwambia kwa lugha yangu ya shambani. Mtu akikwambia "muachie Mungu", muangalie kwanza anayesema. Anakutuliza kwa kitu ambacho kweli kimekushinda, au anakabidhi kwa Mungu kazi yake yeye? Na wewe ambaye hujawahi kumwachia Mungu hata kona moja, unakimbia huku na kule kama mimi... utachoka, na ndege watatua nyuma yako tu.

Fanya kilicho chako mpaka kiishe. Masikio yakilia, nenda hospitali leo. Dua utaiomba hata ukiwa kwenye foleni.

Na kama una ndugu nyumbani amekuwa mpole ghafla, kila swali anakujibu kwa tabasamu, usimwite mvivu, usimwite shehe. Zunguka mbele yake, mwangalie usoni, muulize mara ya pili.